Ranthambore, Msitu Uliojaa

Treni za kutoka Delhi kwenda Mumbai hupita Sawai Madhopur, na abiria anayeshuka hapo hana haja ya kuuliza kama amefika. Kuta za stesheni zimechorwa simbamarara, tausi, dubu na mamba, picha kubwa kuliko watu wanaosubiri chini yake. Asubuhi niliyofika mimi ilikuwa ya Januari. Ukungu ulikuwa umetanda, wapagazi wamejifunika mablanketi hadi kichwani, na wauza chai wanapita na birika zao. Kutoka hapo hadi kwenye Hifadhi ya Simbamarara ya Ranthambore ni mwendo wa bajaji tu. Barabara nzima ni hoteli, maduka ya vinyago, mashamba ya haradali yaliyochanua manjano, hoteli tena, kisha ghafla mlima na msitu. Mji umekuja mpaka mlangoni pa mnyama. Hilo ndilo nililoliona kwanza, na mengi niliyoyaona baadaye yalinirudisha hapo.

Mimi ni mtu wa Magugu, kwenye barabara ya Arusha kwenda Babati. Ukitoka kwetu kuelekea Arusha unapita Minjingu na Kwakuchinja, ushoroba ambao nyumbu na pundamilia huutumia kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Wazee wa kwetu wanasimulia makundi ambayo hayakuwa na mwisho. Siku hizi pana mashamba, nyumba za tofali na maduka, na wanyama wanapita kwa kuvizia, wengi wao usiku. Nimekua nikiiona njia ile ikisinyaa. Ndiyo maana nilitaka kwenda India, kuwaona watu ambao jambo hili liliwafika zamani kuliko sisi.

Kwa wingi wa watu hatukaribiani nao. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, India ina zaidi ya bilioni 1.4. Na bado, katikati ya umati huo, ndiko wanakoishi simbamarara wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Makadirio ya mwaka 2022 yalifika 3,682, karibu robo tatu ya simbamarara wote walioko porini duniani. Hesabu ya mwaka 1972, iliyofanywa kwa kufuata nyayo, ilikuwa 1,827. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kulinda wanyamapori, na tarehe 1 Aprili 1973 serikali ya Indira Gandhi ikazindua Mradi wa Simbamarara kwa hifadhi tisa. Ranthambore ilikuwa mojawapo.

Kabla ya hapo ulikuwa msitu wa kuwindia. Watawala wa Jaipur waliutunza kwa ajili ya bunduki zao na za wageni wao. Januari 1961, Prince Philip, akiwa ziarani pamoja na Malkia Elizabeth, alimpiga simbamarara risasi hapa, na picha ya mzoga ikazunguka duniani. Tusiwacheke, pori letu kubwa la kusini lilipewa jina la mwindaji, Selous.

Magari huingia kabla jua halijapanda. Yako madogo ya wazi aina ya Gypsy, ya abiria sita, na yako makenta ya wazi ya abiria ishirini. Nafasi hukatwa mapema, na hifadhi imegawanywa kanda kumi. Ukipewa yako huruhusiwi kuingia ya mwenzako. Nilipata kanda ya tatu, ile ya maziwa. Nilikaa na familia moja kutoka Mumbai, bibi, wazazi na watoto wawili, sote tumejikunyata chini ya mablanketi ya hoteli. Baridi ya Rajasthan alfajiri haina huruma kwa mtu aliyekaa kwenye gari lisilo na paa.

Barabara ya kuingilia ni hiyohiyo iendayo kwenye ngome. Ngome ya Ranthambore imekaa juu ya mwamba, kuta zake zikifuata ukingo wa mlima kwa kilomita kadhaa. Alauddin Khalji, sultani wa Delhi, aliiteka mwaka 1301 kutoka kwa Hammir Dev. Ndani yake kuna hekalu la Ganesha mwenye macho matatu, na watu wa sehemu nyingi za India humpelekea kadi za harusi kwa posta, yeye akialikwa kabla ya jamaa. Kwa hiyo alfajiri ile tulikwenda sambamba na wahujaji waliojazana kwenye majipu, wamebeba maua na vyakula vya sadaka, wakiimba. Njia moja, wengine wanakwenda kwa mungu wao, wengine kwa simbamarara, na pembeni mwa njia hiyohiyo simbamarara mwenyewe anatembea.

Mwongozaji wetu alikuwa mtu mzima wa kijiji cha jirani, mwenye kofia ya sufu iliyofunika masikio. Kila tulipofika penye kona au kijito alimgusa dereva begani, injini ikazimwa.

"Tunyamaze kidogo, dada," aliniambia nilipoanza kuuliza. "Nataka kusikia."

Kwetu, Serengeti, nimezoea kutafuta kwa macho. Nyasi ni fupi, upeo uko mbali, na simba wanakaa ukoo mzima juu ya kichuguu wakionekana na kila apitaye. Ranthambore ni mabonde na miti ya dhok iliyosongamana, majani yake wakati wa baridi yamegeuka rangi ya kutu, na mnyama mwenye milia huko ndani anatembea peke yake. Humwoni. Unachopata ni habari zake kutoka kwa wale wanaoliwa naye.

Mwongozaji alitufundisha habari hizo mlio kwa mlio. Chitali, wa jamii ya ayala, mwenye madoa meupe, hutoa sauti nyembamba kali inayokatika, kisha hupiga mguu chini. Huyo hushtuka upesi. Hata mbweha anaweza kumliza. Juu ya mti kuna langur, tumbili wa mkia mrefu na uso mweusi, ambaye kilio chake cha hatari ni kikohozi cha kukwaruza. Wawili hao wanaishi pamoja kwa kusaidiana. Langur anaona mbali akiwa juu, chitali ananusa akiwa chini, na majani na matunda yanayodondoshwa na langur ndiyo chakula cha chitali. Wa tatu ni sambari, mkubwa, mwenye manyoya ya kahawia yasiyopendeza, mchache wa maneno. Sauti yake hutoka mara moja, nzito, kama honi ya lori, mkia umesimama wima na masikio yameelekea upande mmoja. Waongozaji wa Ranthambore humwamini sambari kuliko wote. Akilia, dereva hawashi gari kwa kuulizwa, anawasha tu.

Tulikaa muda mrefu bila kusikia chochote zaidi ya tausi. Kisha dereva akarudi nyuma mita chache hadi kwenye mti ulioinama juu ya njia. Mwongozaji akaniambia ninuse upande wa chini wa shina, bila kushuka. Nikainama nje ya gari.

Ulikuwa wali. Wali wa kunukia, ule ambao ukipikwa nyumba moja majirani wote wanajua. Nimezaliwa kwenye majaruba ya mpunga ya Magugu na siwezi kuikosea harufu ile. Simbamarara hunyunyizia miti mkojo wenye mafuta ili kuwaambia wenzake kwamba eneo lina mwenyewe, na watafiti wa India walikuta ndani yake kemikali ileile inayoupa mchele wa basmati harufu yake. Bibi wa Mumbai naye akanusa, akacheka kwa furaha, akawaambia wajukuu wake jambo kwa Kimarathi, nao wakapigania kunusa. Mwongozaji aligusa gome kwa kidole. Palikuwa bado na unyevu.

Sambari akalia upande wa ziwa.

Simbamarara alitokea kwenye majani marefu kando ya ziwa Rajbagh, jike mzima, akatembea juu ya njia kutukabili bila kuharakisha. Niliona kwanza mabega: mifupa miwili inayopanda na kushuka kwa zamu chini ya ngozi, na ngozi yenyewe inateleza juu yake kana kwamba haikushonwa. Rangi yake ilikuwa imekolea kuliko picha zote nilizowahi kuona. Mguu wa nyuma ulitua palepale mguu wa mbele ulipotoka, kwa hiyo hapakuwa na sauti ya majani makavu kuvunjika mara mbili. Alipogeuza kichwa kutazama maji niliona nyuma ya kila sikio doa jeupe, la mviringo, lililozungukwa na weusi, kama jicho lililobaki wazi nyuma yake. Alisimama kwenye mti mmoja, akasugua shavu, akageuka, akainua mkia na kunyunyizia. Milia ya ubavu wake wa kulia haikufanana na ya kushoto. Hakuna simbamarara wawili wenye milia inayolingana, na kwa milia hiyo ndivyo wanavyohesabiwa sasa, kwa kamera zilizofungwa mitini.

Sikupiga picha. Nilishika chuma cha gari kwa mikono miwili, na machozi yalinitoka, na sioni haya kuyaandika. Mnyama yule ni mzuri kuliko nilivyojiandaa.

Lakini habari zilikuwa zimeenea. Magari yalikuja kwa kasi kutoka pande mbili, vumbi likapanda, kenta mbili zikajipenyeza mbele yetu, na watu wakasimama juu ya viti wakiitana. Simbamarara alikuwa anakwenda majini. Akakuta njia imezibwa na magurudumu, akasimama, akatazama kushoto na kulia, akarudi kwenye majani alikotoka. Mwongozaji wetu alifoka kwa Kihindi na madereva wenzake wakamjibu vivyo hivyo.

Nimeyaona hayohayo Kogatende, magari yamejipanga ukingoni mwa mto Mara mpaka nyumbu hawana pa kushukia. Aliyelipia kiingilio amenunua ruhusa ya kutazama. Njia ya mnyama kwenda kunywa maji haimo kwenye tiketi. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya India ilisimamisha utalii kwenye viini vyote vya hifadhi za simbamarara kwa miezi michache, ikauruhusu tena baada ya kuwekwa miongozo. Naamini iliona mbali. Kwa niliyoyaona kando ya Rajbagh, na kwa tunayoyaona kwetu, magari yanapaswa kupungua, na hasara ya mapato inayotokana na kupungua huko ibebwe na sisi tunaotembelea.

Maziwa haya yana ukoo wake, na wenyeji wanausimulia mama kwa binti. Mkuu wao ni Machli, aliyepewa namba T-16, jike aliyetawala hapa kwa miaka mingi. Alipigana na mamba mkubwa mbele ya kamera akamuua, meno yake marefu yakang'oka moja baada ya jingine, na bado akaendelea kuwinda. Mwaka 2013 serikali ilitoa stempu yenye picha yake. Alikufa Agosti 2016, akiwa na umri wa karibu miaka 20, na watu wa Ranthambore wakamchoma kwa taratibu za mazishi ya Kihindu, amefunikwa maua. Binti yake, Krishna, akarithi maziwa. Binti wa Krishna, Arrowhead, akarithi baada yake.

Kwa Arrowhead habari inakuwa nzito. Alipougua, alipewa mawindo hai na wahifadhi ili watoto wake wasife njaa. Watoto wakakua wakiwa wamezoea harufu ya binadamu na chakula kinachokuja naye. Aprili 2025 mtoto mdogo aliyekuwa akitoka kwenye hekalu la Ganesha na jamaa zake alichukuliwa na simbamarara kwenye njia ile ya wahujaji. Wiki chache baadaye askari wa wanyamapori akauawa eneo hilohilo. Mwongozaji alinieleza hayo tulipokuwa tukitoka, akionyesha mahali kwa kidevu tu, sauti imeshuka. Alimfahamu askari yule. Sikumuuliza zaidi.

Jioni tulipewa kanda ya nne, upande wa Lakarda. Msitu hapo unafunguka kuwa uwanda wa majani, chitali wanalisha, nguruwe-mwitu wanachimbua. Ukitazama vizuri unaona mawe yaliyopangwa mstari: misingi ya nyumba. Lakarda kilikuwa kijiji. Vijiji zaidi ya kumi viliondolewa ndani ya kiini cha hifadhi katika miaka ya 1970, na aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu wahame alikuwa mhifadhi Fateh Singh Rathore. Waliomfahamu wanasema alikaa nao usiku kucha, akala nao, akalia nao siku ya kuondoka. Wakapewa ardhi nje, na baadhi ya huduma ambazo ndani hawakuwa nazo. Majani yakaota juu ya mashamba, chitali wakaongezeka, simbamarara waliokuwa wakitoka usiku tu wakaanza kuonekana mchana.

Wengine hawakusamehe. Mwaka 1981 kundi la wanakijiji lilimvizia Rathore likampiga hadi akazimia, mifupa imevunjika. Alipopona alirudi kazini, na aliishi Ranthambore hadi alipofariki mwaka 2011.

Nilishindwa kuyaangalia mawe yale bila kuwafikiria Wamaasai waliohamishwa Serengeti mwaka 1959 kwenda Ngorongoro kwa ahadi, na mabishano juu ya ahadi hizo ambayo hayajaisha hadi leo. Simbamarara niliyemlilia asubuhi ana deni kwa watu wa Lakarda. Mimi pia. Ninavyoona, walichopewa ni kidogo mno kikilinganishwa na kinachoingia leo kwenye mahoteli ya ukingoni, ambako chumba cha usiku mmoja huweza kuzidi mapato ya mkulima kwa mwezi. Wako waliojaribu kulilipa deni hilo. Laila Tyabji na shirika lake la Dastkar walianza mwaka 1989 kufanya kazi na wanawake wa vijiji hivi, kushona na kutia nakshi vitambaa vinavyouzwa mijini. Tiger Watch, shirika aliloliasisi Rathore, lilifungulia watoto wa jamii ya Moghiya bweni na masomo. Wamoghiya walikuwa wawindaji toka enzi za babu zao, na sheria ilipopiga marufuku uwindaji, haikuwaacha na shamba wala ng'ombe.

Kinachotokea watu wa pembeni wakisahauliwa kilionekana Sariska, hifadhi nyingine ya Rajasthan hiyohiyo. Kufikia mwanzo wa mwaka 2005 ilibainika kwamba simbamarara wote wa Sariska wamekwisha, wameuawa na majangili, na makaratasi yalikuwa bado yanawahesabu. Taifa zima lilishtuka. Waziri Mkuu Manmohan Singh aliunda kikosi kazi kikiongozwa na Sunita Narain, na mwenyewe akaja Ranthambore. Mwaka 2008 dume alichukuliwa kutoka hapa, akapigwa sindano ya usingizi, akapandishwa helikopta, akaenda kuanzisha kizazi kipya Sariska. Baadaye wakafuata wengine.

Ranthambore imekuwa hivyo, mahali pa kutoa wana. Hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1980 haikufika kilomita za mraba 300. Serengeti ina 14,763. Hata ukijumlisha maeneo yote yaliyoongezwa pembeni, simbamarara takriban 70, pamoja na watoto, wamebanana. Dume mmoja huhitaji makumi ya kilomita za mraba, na hamvumilii dume mwingine ndani yake. Kijana akitimiza miaka miwili hivi, mama anamfukuza, madume wakubwa wanamfukuza, na mbele yake kuna mashamba. T-38 alivuka mto Chambal akaishi miaka katika msitu wa Kuno, jimbo la Madhya Pradesh. Msitu huohuo ambao tangu mwaka 2022 umepokea duma kutoka Namibia na baadaye Afrika Kusini. T-91 alitembea mpaka misitu ya Bundi, na mwaka 2018 akahamishiwa Mukundra. Serikali imeanza kufuata nyayo zao: Ramgarh Vishdhari, huko Bundi, ilitangazwa hifadhi ya simbamarara mwaka 2022, Dholpur-Karauli mwaka 2023. Kwenye ramani sasa kuna mnyororo wa misitu. Kati ya msitu na msitu kuna watu.

Nilikwenda kumwona mmoja wao. Mfugaji wa nyati wa maziwa, umri wa baba yangu, mwenye kilemba chekundu na shamba la mapera, maana Sawai Madhopur inasifika kwa mapera. Mtoto wa mwongozaji alinifasiria. Mzee ni mmoja wa wanakijiji wanaojitolea kufunga kamera kwenye mapito na kupeleka picha kwa idara ya misitu, wakipata posho kidogo. Shambani kwake pana dungu, sawa na la kwetu, la kulindia mazao usiku dhidi ya nguruwe na nilgai, wale swala wakubwa wa kijivu.

Alinionyesha picha. Dume kijana, mwembamba, kichwa chini, anapita kati ya haradali na ukuta wa miti ya mapera. Saa nane ya usiku.

"Huyu alipita mara ngapi?" niliuliza.

"Anapita na kurudi, binti. Anatafuta pa kukaa, hapapati." Akaonyesha upande wa magharibi, kwenye ukuta mpya wa matofali. "Pale ndipo alipokuwa akivukia. Wanajenga hoteli. Sasa anapita kwangu."

Nyati wake mmoja aliuawa. Fidia ilikuja, baada ya kuandikiwa na kupigiwa picha na kusubiri, na haikutosha kununua nyati wa maziwa kama yule. Nikamuuliza kama angependa simbamarara aondolewe. Alichukua muda kujibu. Alisema tangu aanze kupita, nguruwe hawajaingia kwenye ngano, na yeye amelala usiku mwingi nyumbani kwake badala ya dunguni. Alisema pia kwamba wajukuu wake hawaendi tena shuleni peke yao. Aliyaweka yote mawili mezani, akaniachia.

Kisha akageuza maswali. Simba wetu wakila ng'ombe, serikali inatoa nini? Nilimweleza juu ya kifuta jasho na kifuta machozi, kwamba kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa familia ya mtu aliyeuawa. Kijana alipomaliza kuibadili kwenda rupia, mzee alitikisa kichwa. Na zizi? Wamaasai wanalaza wapi ng'ombe?

Hapo nilikuwa na la kusema. Upande wetu wa nyika ya Wamaasai, kuzunguka Tarangire, familia nyingi zimeacha boma la miiba lililokuwa likioza kila mwaka. Wanakata matawi manene ya miti ya jamii ya manemane, wanayachimbia ardhini kwa mduara, yanachipua na kuwa miti, kisha wanayafunga wavu wa chuma kuzunguka. Simba hapiti, fisi hachimbi, na miti haihitaji kukatwa tena. Mzee alinifanya nirudie. Urefu gani? Wavu unazikwa chini kiasi gani? Chui je, hapandi? Nikamwambia kweli, kwamba chui akidhamiria anaweza kupanda, na kwamba kadiri matawi yanavyofunga juu ndivyo anavyopata shida. Akachukua fimbo akachora mduara kwenye vumbi, akaniomba nimwonyeshe mlango unakaa upande gani wa upepo.

Dhok haichipui kwa kuchomekwa, alisema. Lakini uko mti uitwao guggul, wa utomvu wa kufukizia, ambao unaota kwa vipandikizi, na mimi nikajua jina hilo: ni jamii ileile ya manemane. Hauwi mrefu kama wa kwetu, akasema, labda apande safu mbili. Alimtuma mjukuu akaite jirani mwenye guggul mbili nyuma ya nyumba. Jirani akaja na panga, wakasimama juu ya mchoro wakibishana kama vipandikizi vikatwe sasa au vingoje mvua za Juni, na kijana akachoka kufasiri.